Kumi na Saba Wima

Clifford Ackroyd hakupenda kuambiwa jambo ambalo angeweza kuligundua mwenyewe. Alikuwa hivyo tangu utotoni. Mama yake, mfumaji wa sufu kiwandani, alikuwa akisimulia jinsi mtoto huyo alivyolia siku nzima kwa sababu dada yake alimwambia kilichomo ndani ya zawadi yake ya Krismasi kabla hajaifungua. Ndiyo maana lile alilomtendea rafiki yake Edwin Tordoff halina kisingizio. Angelitenda mtu mwingine, tungesema hakujua.

Aliingia kazi ya reli akiwa na miaka kumi na mitano, akafagia, akabeba taa, akapaka mafuta, na alipofika ishirini na sita akakabidhiwa kibanda cha ishara cha Garsby, mwanzo wa ile njia ndogo inayopanda mabondeni. Kibanda chenyewe kilikuwa cha mbao, juu ya ngazi kumi na mbili, chenye jiko la makaa, birika, na nyenzo ishirini na nne za chuma za kuvutia ishara, zilizong'aa kama vijiko vya bibi harusi. Clifford hakushika wenzo hata mmoja bila kitambaa mkononi, kwa maana jasho hutia chuma kutu. Treni zilikuwa chache. Kati ya treni na treni mtu alikuwa na nusu saa, pengine saa nzima, ya kukaa na nafsi yake, na wengi waliishia kwenye chupa au kwenye kuchonga vinyago. Clifford aliishia kwenye chemshabongo, lile fumbo la maneno na miraba la gazetini.

Gazeti lilikuja na treni ya kwanza. Gadi, msimamizi wa treni, alilitupa dirishani bila treni kusimama, na Clifford akalidaka kabla halijagusa changarawe. Chai, mkate wa nyama, penseli, ukurasa wa nyuma. Alikuwa fundi, hilo tusimnyime. Siku ya kawaida alimaliza fumbo zima kabla chai haijapoa, na siku ngumu kabla kikombe cha pili hakijaisha. Tatizo lake ni kwamba fundi hana raha bila watazamaji.

Watazamaji walikuwa kwenye simu. Njia nzima ilikuwa na waya mmoja tu. Ukiinua mkono wa simu Garsby, unasikika kila kibanda hadi mwisho wa bonde, na kila mwenye masikio anaweza kuinua wake na kusikiliza. Ilikuwa kwa ajili ya kazi. Lakini waya haujui kazi na mzaha.

Katikati ya njia alikaa Mavis Crowther, mlinda lango la reli pale barabara ya mashamba inapokatiza, mwanamke mwenye kifua kipana na kicheko kipana zaidi, aliyemwita kila mtu kipenzi, hata mkaguzi wa reli. Yeye hakufumbua fumbo lolote maishani mwake. Alikuwa anasikiliza tu, kama wengine wasikilizavyo mechi. Na mwisho kabisa, maili kumi na moja juu, kwenye kibanda cha Hexley, alikuja Edwin.

Edwin Tordoff aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne kumsaidia baba yake kuchunga kondoo. Alikuwa mtu wa taratibu, mwenye mikono mikubwa, na aliongea kana kwamba kila neno analilipia. Wiki ya tatu baada ya kufika Hexley aliinua simu, akakohoa, akauliza kama ni haramu mgeni kuuliza swali.

"Uliza, kijana," akasema Clifford, ingawa walikuwa rika moja.

"Nalo gazeti hapa. Naona pameandikwa hivi: *Mnyama aliyekatwa kichwa huwa kitoweo.* Herufi tano. Sasa hapo mtu anaulizwa nini?"

Clifford akaegemea kiti. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali tamu kiasi hicho.

"Sikiliza. Kila kidokezo kina sehemu mbili. Moja ni maana, maana ya kamusi kabisa. Nyingine ni mchezo wa herufi. Maana inakaa mwanzoni, au inakaa mwishoni. Katikati haikai hata siku moja. Anayetunga fumbo ni mwongo, lakini ni mwongo mwenye adabu."

"Kondoo," akasema Edwin.

"Kondoo ana herufi sita. Mkate kichwa, anabaki 'ondoo'. Umewahi kula ondoo?"

"Kwa mama mkwe wangu nimekula vibaya kuliko hivyo."

Mavis akapasuka kicheko huko langoni, na ndipo Edwin alipojua kwamba wanasikilizwa. Mtu mwingine angekata simu. Edwin alikaa, akapumua kwenye waya, treni ya mawe ikapita, kengele zikagongwa, ishara zikashushwa na kupandishwa, na dakika arobaini baadaye simu ikalia vibanda vyote.

"Nyama!" akapiga kelele. "Mnyama, toa kichwa, nyama! Kitoweo!"

Tangu siku hiyo walikuwa wawili. Miaka kumi na tisa walifumbua pamoja, na katika miaka hiyo yote hawakuonana ana kwa ana zaidi ya mara nane, tena nyingi zikiwa mazishi. Urafiki wao ulikuwa wa sauti. Taratibu zao zilijijenga zenyewe, na hakuna aliyeziandika. Ukikwama, unaomba, na hupewi kabla hujaomba. Ombi la kwanza, unaambiwa maana iko upande gani. La pili, unaambiwa ni mchezo wa aina gani: herufi zimevurugwa, zimefichwa, zimegeuzwa. La tatu, unapewa herufi ya kwanza. Jibu lenyewe halitamkwi kamwe. Mtu angeweza kumtukania mwenzake timu yake ya kriketi wakabaki marafiki, lakini jibu halitamkwi.

Tena kulikuwa na jambo moja zaidi. Ukisema umepata, mwenzako anakuambia, "Haya, lifungue." Ndipo unaeleza: maana ni hii, mchezo ni huu, vimekutana hapa. Usipolifungua halihesabiki, maana hata kuku akidonoadonoa anaweza kuangukia punje. Clifford ndiye aliyeuleta utaratibu huo, na aliushika kama mtu wa forodha.

"Amani ikirudi nyuma, pinda mgongo," angesema Edwin. "Nimelipata. Inama."

"Haya, lifungue."

"Si unajua wewe? Ulilipata tangu asubuhi!"

"Mimi najua. Sijui kama wewe unajua."

"Amani, ulisome kutoka nyuma, linatoka inama. Maana yake pinda mgongo. Umeridhika, mwalimu?"

"Mwache mwenzako apumue, profesa wewe," angedakia Mavis. "Huyu angemwomba hata kasisi alifungue neno amina!"

Edwin hakuwahi kumaliza fumbo zima peke yake. Siku zote kulibaki moja, mbili, na siku zote alikuja kuomba. Clifford alimpa, na alimpa vizuri, tone kwa tone. Mkewe Jean ndiye aliyemwambia mara moja, wakila: "Wewe unapenda akwame." Clifford akacheka akasema upuuzi gani huo. Hakuwa na hakika kwamba ni upuuzi.

Kisha barua ikaja kwa kila kibanda. Ishara zote za bonde zingeendeshwa kwa umeme kutoka mjini, na vibanda vingefungwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba, baada ya treni ya mchana. Mavis alilia kwenye simu bila aibu. Clifford alitukana, halafu akaomba radhi kwa kuwa kulikuwa na mwanamke kwenye waya. Edwin hakusema neno hadi Jumatatu ya wiki ile ya mwisho.

"Nina ombi kwenu," akasema. "Hasa kwako, Clifford. Nataka nimalize moja. Zima, peke yangu. Nisipewe upande, nisipewe mchezo, nisipewe herufi. Moja tu, kabla hawajatufungia. Nimechukua la leo. Nikilimaliza nitawaambia, na utaniambia nilifungue, nami nitalifungua."

"Na usipolimaliza?" akauliza Clifford.

"Nitakuwa mtu wa Hexley ambaye hakumaliza hata moja. Lakini niache nijaribu."

"Tumekuacha," akasema Clifford. "Neno langu hilo."

Wiki ile yote njia nzima ilikuwa na habari hiyo moja. Magadi waliuliza kutoka madirishani. Jumanne Edwin alisema yamebaki maneno tisa. Jumatano, matano. Alhamisi, mawili. Ijumaa jioni akasema limebaki moja tu, kumi na saba wima, la kuandikwa kwenda chini, na sauti yake ilikuwa nzito kwa uchovu. Clifford alikuwa amelimaliza fumbo hilo tangu Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, na alijua mahali mwenzake alipokwama. Kidokezo kilikuwa hivi: *Mwandishi akibadili herufi moja ya chombo chake, watu hula na kusaza.* Herufi sita. Alijua kabisa kwamba Edwin amemng'ang'ania mwandishi, anamtafutia majina, akidhani ndiye maana. Alijua kwamba angeligeuza upande wa pili lingefunguka kama mlango. Kujua huko kulimwasha mwilini. Alitembea ndani ya kibanda, akakaa, akasimama, akasugua nyenzo ambazo hazikuhitaji kusuguliwa.

Jumamosi ikafika. Ilibaki robo saa treni ya mwisho itoke Garsby. Wakubwa wawili wa reli walikuwa wamekuja na kamera, wamesimama chini ya ngazi na makoti yao. Simu ikalia vibanda vyote, na Clifford akasikia mikono ya simu ikiinuliwa njia nzima, mmoja baada ya mwingine.

"Clifford," akasema Edwin. "Kuhusu ile kumi na saba wima..."

Akanyamaza kidogo kuvuta pumzi. Alikuwa mtu wa taratibu, tulishasema.

Na Clifford akafungua kinywa. Baadaye alijieleza kwa namna nyingi. Kwamba muda ulikuwa umekwisha. Kwamba alimwonea huruma. Kwamba alidhani mwenzake amekuja kuomba, kama alivyoomba miaka yote. Yote yana ukweli ndani yake. Lakini watu wote walikuwa wanasikiliza kwa mara ya mwisho, na yeye alikuwa na jibu mdomoni tangu Jumatatu.

"Karamu, bwana! Karamu! Mwandishi ni chambo tu, achana naye. Chombo chake kalamu, badili herufi moja, karamu. Watu hula na kusaza. Mambo yamekwisha, Edwin, umemaliza!"

Ungeweza kusikia upepo wa Hexley kwenye simu ya Garsby.

"Asante, Clifford," akasema Edwin, na akakata.

"Clifford Ackroyd," akasema Mavis, na hakumwita kipenzi. "Mdomo wako huo ningeutia kufuli la lango langu."

Kengele ikagonga, treni ikataka njia, Clifford akachukua kitambaa akavuta wenzo. Wale wakubwa wakapiga picha. Katika picha hiyo, ambayo Jean aliitundika ukumbini na baada ya mwezi Clifford akaitundua, uso wake ni wa mtu aliyejikata na bado hajaangalia kidole.

Jioni ile kulikuwa na kuagana baa, kwa bia na soseji. Edwin alikuja, akampa mkono, akasema bia ni nzuri. Clifford alitaka kusema neno, lakini kulikuwa na kelele, na hakulipata. Krismasi ya mwaka ule kadi ilikuja kutoka Hexley, yenye majina matupu. Mwaka wa pili pia. Mwaka wa tatu haikuja.

Mdomo huponza kichwa, lakini wa Clifford ulimponza mtu mwingine, na hilo ni gumu zaidi kubeba. Alistaafu. Gazeti sasa lilipenyezwa mlangoni na mtu asiyemjua. Alimaliza fumbo kwa dakika kumi na mbili, akakunja gazeti, akaangalia bustani. Wakati mwingine alikutana na kidokezo kizuri hadi mkono wake ukaenda ukutani, mahali ambapo kungekuwa na simu. Jean akasema, "Mpigie." Akajibu kwamba hajui aseme nini. Jean, mwanamke asiyezunguka, akasema, "Sema ulimnyang'anya." Lakini hakupiga, na miaka ikaenda kama inavyokwenda, hadi ikafika kumi na mmoja.

Mavis ndiye aliyemsukuma. Alimkuta sokoni, amezeeka, anatembea kwa mkongojo, kicheko bado kipana.

"Edwin yupo, anaishi, analima vitunguu vyake vya majani," akasema. "Anashinda zawadi za maonyesho kila mwaka. Lakini gazeti hagusi. Mkewe aliniambia hata la kuwashia moto halitaki. Nenda ukamwone, kipenzi, kabla mmoja wenu hajanilazimisha kununua shada la maua."

Basi akaenda. Alipanda basi la saa saba hadi Hexley, akaonyeshwa njia ya nyuma ya kanisa, kwenye vishamba vya kukodi. Edwin alikuwa ameinama juu ya tuta, na aliponyoosha mgongo Clifford aliona jinsi alivyokuwa mrefu. Alikuwa amesahau. Kwenye simu watu hawana urefu.

"Clifford," akasema Edwin, bila mshangao, kwa sauti ileile. "Kaa. Chai iko kwenye chupa."

Wakakaa juu ya kreti. Wakazungumza juu ya vitunguu, juu ya mvua, juu ya Jean. Chai ilikuwa na sukari nyingi. Kisha Clifford akaweka kikombe chini.

"Nimekuja kwa ajili ya siku ile. Nilikupa neno langu nikalivunja. Nilikunyang'anya, Edwin. Kila nikikumbuka najiona mdogo. Nisamehe."

Edwin akafuta udongo mikononi.

"Nilishakusamehe kunipa jibu," akasema. "Hilo si kitu. Shida ni kwamba nilikuwa nalo."

"Ulikuwa nalo?"

"Asubuhi ile, nikinyoa ndevu. Lilikuja lenyewe, nikajikata hapa, angalia. Nikaliandika kwa wino. Nilikuwa nimemaliza, Clifford. Lote. Niliinua simu kuwaambia."

Clifford akaangalia pale alipoonyeshwa. Upepo ulipita juu ya matuta.

"Mbona hukusema palepale?"

"Ningesema nini? 'Hata mimi nilikuwa nalo'? Watu wote njia nzima wamekusikia ukinipa. Nani angeamini? Mavis? Angesema ameamini, masikini, kwa huruma. Hiyo ndiyo iliyonishinda. Kwa hiyo nikasema asante." Akainua kichwa. "Hujawahi kusikia habari hii. Hata mke wangu sijamwambia. Nakwambia wewe kwa sababu umekuja."

Hapo palikuwa na neno moja tu la kusema, na mtoto mdogo angelijua. Nakuamini. Clifford alilitaka neno hilo kwa moyo wake wote. Lakini mtu akilea desturi kwa miaka kumi na tisa, desturi nayo inamlea. Alisikia habari za jibu lililopatikana, na mdomo wake ukafanya kazi yake.

"Haya," akasema, "lifungue."

Alipolisikia alitamani ardhi impasukie. Edwin hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Alimtazama tu, na usoni pake kitu kilichokuwa kimefunguka kidogo kikajifunga tena, polepole, kwa adabu.

"Edwin, sikukusudia... ni mazoea tu, bwana, unajua mimi..."

"Nifungue nini, Clifford? Kila nitakachosema ulishakisema wewe, mbele yao wote. Mwandishi ni chambo. Kalamu, karamu. Nikisema hivyo nitakuwa nakurudishia maneno yako." Akasimama, akachukua uma wake wa kulimia. "Kunywa chai yako. Basi la saa kumi linasimama mbele ya kanisa, na huyo dereva hangoji mtu."

Alimsindikiza hadi kwenye lango la vishamba, akampa mkono, akamwambia amsalimie Jean. Yote aliyafanya vizuri.

Clifford akakaa kituoni peke yake, mikono mapajani. Alijua kwamba hatarudi Hexley, na kwamba Edwin hatakuja Garsby, na kwamba safari hii hakukuwa na waya wa kusingizia, wala wakubwa chini ya ngazi, wala muda uliokwisha. Alijitukana kimoyomoyo kwa kila jina alilolijua. Alijiambia anamwamini, Edwin si mtu wa kusema uongo, hajawahi kusema uongo hata juu ya mvua. Akajiambia mara ya pili, na ya tatu. Basi likaja, akapanda, akalipa, akakaa dirishani. Na njia nzima ya kushuka bondeni, pamoja na majuto yake yote, bado alikuwa anatamani kujua ni herufi gani iliyomjia kwanza.